Bahati Iliyofungwa Kamba

Shattered Pixel Dungeon ni mchezo wa simu. Unaingia kwenye simu ya bei ndogo bila kuilemea, hauna matangazo, na ukishaupakua hauombi bando tena. Shujaa mmoja anashuka pangoni. Pango lina ghorofa 25 kwenda chini, kila ghorofa ya tano inalindwa na adui mkubwa kuliko wote aliopambana nao kabla, na chini ya hizo zote, kwenye ghorofa ya 26, kuna hirizi inayoitwa Amulet of Yendor. Habari yenyewe ndiyo hiyo. Naiandikia makala kwa sababu naamini ni kati ya kazi zilizofumwa kwa uangalifu mkubwa kuliko karibu chochote kingine ambacho mtu wa Mabwerebwere, huku Kilosa, anaweza kukishika kiganjani bila kulipa hata senti, na uangalifu huo umefichwa kiasi kwamba anayeucheza mara ya kwanza huudhania mchezo wa kubahatisha tu.

Haishangazi adhanie hivyo. Kila ukianza, pango huchorwa upya. Chumba ulichokikuta jana leo hakipo, ngazi ya kushukia imehama, maadui wamepangwa kwingine. Chupa za dawa zina rangi 12, na rangi hizo huchanganywa kila mara: nyekundu iliyokuponya jana inaweza kukuwasha moto leo. Hati zenye alama za ajabu nazo ni hivyo hivyo, huwezi kujua ipi inafanya nini mpaka uisome au upate njia ya kuitambua. Na ukifa, umekufa. Hakuna kurudi pale ulipokosea. Unaanza ghorofa ya kwanza, na pango ni jingine.

Mtindo huu una umri mkubwa kuliko wachezaji wake wengi. Mwaka 1980, Michael Toy na Glenn Wichman, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California kule Santa Cruz, walitunga mchezo wa kompyuta walioupa jina Rogue. Baadaye Ken Arnold wa Berkeley akajiunga nao. Arnold ndiye aliyekuwa ametengeneza maktaba ya programu iitwayo curses, iliyowezesha kuweka herufi popote kwenye kioo badala ya kuandika mstari baada ya mstari. Kwa herufi hizo wakajenga dunia nzima. Alama ya @ ilikuwa shujaa, na kila herufi kubwa kuanzia A hadi Z ilikuwa kiumbe chake. Ramani waliigawa sehemu tisa, tatu kwa tatu, wakaweka vyumba humo na kuviunganisha kwa njia za kubahatisha. Michezo ya safari iliyokuwapo wakati ule ilikuwa na kasoro moja iliyowaudhi: ukishaifumbua mara moja, imekwisha, na aliyeitunga ndiye asiyeweza kuifurahia kabisa kwa kuwa anajua kila kilichomo. Walitaka mchezo unaoweza kumshtua hata mtunzi wake. Baada ya hapo ikaja Hack, NetHack ya mwaka 1987 na mingine mingi, na hadi leo watu huiita yote kwa jina la yule wa kwanza. Hirizi ya Yendor iliyoko chini ya pango la simu yako ndiyo ile ile waliyoiweka akina Toy.

Kuichanganya dunia si kazi ngumu. Kompyuta hurusha dadu bila kuchoka, na mwanafunzi wa muhula wa kwanza wa uandishi wa programu anaweza kuitengenezea vyumba vya kubahatisha kwa jioni moja. Ufundi uko kwenye kuifunga bahati kamba: uiache itembee, ila isifike mahali inapomwonea mchezaji. Nitaanza na kamba moja kwa kirefu, kwa sababu nilipoielewa ilibadilisha namna ninavyoutazama mchezo wote.

Kuna hati ya kuboresha silaha na mavazi. Katika mchezo wa kawaida hiyo ndiyo uti wa mgongo wa safari; bila hizo, kuanzia ghorofa ya kumi na kitu shujaa wako ni mboga. Mtunzi anataka mchezaji azikute tatu katika kila ghorofa tano. Ghorofa ya tano ni ya adui mkubwa, kwa hiyo hati tatu zigawanywe kwenye ghorofa nne. Njia rahisi ingekuwa kurusha dadu kila ghorofa, kwa uwezekano wa robo tatu. Kwa wastani ungepata tatu, hesabu imetimia. Lakini wastani hauchezi mchezo, anayecheza ni mtu. Kwa njia hiyo rahisi, wanaopata tatu kamili katika ghorofa nne ni kama 42 tu kati ya 100. Wengine wanapata nne, wengine mbili, na mmoja kati ya 256 hapati hata moja. Ukizidisha kwa safari nzima, kuna atakayefika chini na hati kumi na moja na mwenzake akiwa na kumi na tisa, na hapo ubora wa akili zao hauna tena la kusema.

Shattered Pixel Dungeon hufanya jambo jingine. Katika kila ghorofa inajiuliza: hati zimebaki ngapi, na ghorofa zimebaki ngapi? Kisha uwezekano unakuwa idadi ya kwanza ikigawanywa kwa ya pili. Ghorofa ya kwanza, hati tatu kwa ghorofa nne, uwezekano ni robo tatu. Ukiikosa hapo, zimebaki tatu kwa ghorofa tatu, kwa hiyo ya pili, ya tatu na ya nne ni lazima. Ukiipata, zimebaki mbili kwa tatu, uwezekano ni theluthi mbili, na kuendelea. Fanya hesabu mpaka mwisho utaona kwamba katika ghorofa nne kutakuwa na moja tu isiyo na hati, na kila ghorofa ina nafasi sawa kabisa ya kuwa hiyo moja. Hujui ni ipi. Unajua tu kwamba ipo moja. Mistari michache ya msimbo, na ndani yake mchezaji ameachiwa wasiwasi wote wa kutafuta kona kwa kona huku akiwa amelindwa dhidi ya kudhulumiwa. Dawa za kuongeza nguvu zina kamba yake pia: mbili katika kila ghorofa tano, moja kati ya ghorofa ya kwanza na ya pili, nyingine kati ya ya tatu na ya nne, na ni dadu tu itakayoamua ni ghorofa ipi katika kila jozi.

Anayesoma hivi anaweza kusema ni hesabu ya darasani. Ni kweli, na mshono wa kanzu nao ni sindano na uzi.

Kamba nyingine naipenda zaidi kwa sababu inamlipa anayewaza. Wakati mwingine ghorofani utakuta mlango uliozibwa kwa mbao, na nyuma yake kuna stoo ya vitu. Mbao hizo huondoka kwa moto. Pango likichora chumba hicho, papo hapo hujiwekea sharti la kuacha dawa ya moto mahali fulani kwenye ghorofa hiyo hiyo. Likichora bwawa lenye samaki wakali wanaolinda hazina, huacha dawa ya kukufanya usionekane. Likichora chumba cha mitego kinachohitaji kurukwa, huacha dawa ya kuelea. Sasa mwangalie mchezaji aliyekomaa. Amekuta mbao, na kwenye ghorofa hiyo ameokota chupa moja ya rangi asiyoijua. Hainywi. Anasimama mbali, anairusha mbaoni. Moto unawaka, stoo inafunguka, na toka hapo mpaka mwisho wa safari anaijua rangi ya moto ni ipi. Mwenzake mgeni alikuta mbao zile zile na chupa ile ile, akainywa kwa kujaribu, akaungua. Walichopewa ni kimoja. Mmoja alisoma nia ya mtunzi, mwingine alijaribu bahati yake.

Huo ndio moyo wa mtindo huu kama ninavyouona: mtunzi ameacha kupanga safari, na badala yake amejifunga kutunza haki ndani ya safari asiyoijua. Hajui pango lako litakuwaje. Hatakuwapo. Anachoweza ni kuhakikisha kwamba lolote litakalozaliwa na kanuni zake, ukifa ndani yake, ukitulia na kurudi nyuma hatua kumi utaona pale ulipopaswa kufanya vingine. Kuna vifo visivyo na hatua hiyo ya nyuma, na kila kimoja ni deni la mtunzi.

Deni hilo hulipwa polepole sana. Pixel Dungeon ya awali ilitoka mwaka 2012, kazi ya Oleg Dolya, anayejulikana kwa jina la Watabou. Mwaka 2014 akaufungua msimbo wake wote kwa leseni ya GPL, inayomruhusu yeyote kuuchukua, kuusoma, kuubadili na kuutoa upya, mradi naye auache wazi. Mwaka huo huo Evan Debenham akauchukua, akaanza kurekebisha mambo ambayo yeye kama mchezaji aliyaona hayako sawa. Bado anaendelea. Toleo la 1.0 lilifika mwaka 2021, la 2.0 mwaka 2023, la 3.0 mwaka 2025, na katikati ya hayo yako marekebisho mengi madogo: silaha isiyochaguliwa na mtu imeongezwa thamani, adui anayeua bila onyo amepewa onyo, chumba kilichokuwa mtego mtupu kimepewa njia ya kutokea. Zaidi ya miaka kumi juu ya pango moja. Mafundi wa namna hii hawavumi, kwa kuwa kazi yao njema ni ile ambayo mchezaji haioni. Anachoona ni kwamba safari hii ameshindwa kwa haki.

Sisi hatukuhitaji kompyuta kuijua hisia hiyo. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi, na huko kunamua kete moja moja mpaka mkono utoke ndiko watu huvunjwa kabla ya kuingia hatua ya mtaji. Hakuna bahati humo hata chembe. Yote yako wazi mbele ya macho, na bado hesabu ya kutekwa na kuzunguka huenda mbali kuliko akili ya kawaida inavyofika, ndiyo maana aliyefungwa barazani huondoka bila kisingizio na kurudi kesho. Mtindo wa Rogue umeanzia upande wa pili kabisa wa uwanja. Unaficha karibu kila kitu, unachanganya kila kitu, kisha kwa kamba hizo nilizozitaja unajaribu kufika pale pale bao lilipo: umefungwa, na unajua ni wewe. Kwangu mimi bao limefika kwa njia fupi na safi zaidi. Lakini njia ndefu nayo ina uzuri wake, maana dunia tunayoishi haituwekei kete zote wazi.

Kufanana kwao kwingine ni kwa kawaida zaidi, na mtu wa vijijini huthamini haraka: pango linakungoja. Usipopiga hatua, adui naye hapigi. Ukiitwa kupima mafuta ya taa au kufukuza mbuzi, unaifunga simu, ukirudi adui yuko pale pale na mdomo wazi. Mchezo usiokimbizana na vidole unamfaa anayetaka kufikiri, na unafaa simu yenye kioo kilichopasuka.

Mtindo huu unamfaa pia mtunzi asiye na kitu. Katika ulimwengu wa michezo ya kompyuta, ambako majina makubwa hutumia mamia ya watu na fedha za kujenga reli, huu ni mtindo ambao mtu mmoja anaweza kuumaliza. Balatro, mchezo wa karata uliotoka mwaka 2024 na kuuzwa zaidi ya nakala milioni 5 kufikia Januari 2025, ulitungwa na mtu mmoja anayejiita LocalThunk. Tangu mwaka 2005 kuna desturi ya kila mwaka ambapo watunzi duniani kote hujipa siku saba kutunga mchezo mzima wa mtindo huu, na wengi wao bado wanatumia herufi tu kama akina Toy, bila mchoraji, bila mpiga muziki. Kompyuta mpakato ya zamani inatosha. Msimbo wa Shattered Pixel Dungeon umeandikwa kwa Java, lugha inayofundishwa vyuoni kwetu, na yeyote anaweza kuufungua akasoma jinsi kila kamba ilivyofungwa. Nilivyoielewa mimi ile ya hati tatu ni hivyo: kwa kuisoma pale ilipoandikwa.

Kwa hiyo huwa nawaza pango lenye asili ya huku lingefungwaje. Naona kazi ya kwanza ya mtunzi wa Mabwerebwere ingekuwa kuamua kipi kichanganywe na kipi kisiguswe, na hapo ndipo mgeni asiyeijua Kilosa angeharibu. Mto hauchanganywi. Mto hushuka, na kila kijiji, kila njia ya ng'ombe na kila shamba la mpunga hufuata mahali ulipopita. Basi ramani ianze na mteremko, kisha maji, kisha ndipo watu wapewe mahali pa kukaa. Mwarobaini hauchanganywi, ukiufanya mtamu mchezo wa pili, mchezaji wa huku ataweka simu chini na atakuwa sahihi. Masika hayahamishwi kwenda Agosti. Lakini mvua ya kwanza inyeshe upande upi, bei ya ufuta ipande au ishuke, kivuko kipi kimechukuliwa na maji usiku, hayo yote yarushiwe dadu, kwa sababu hata kwa mkulima halisi yanarushiwa.

Halafu tembo. Anayelima jirani na Hifadhi ya Mikumi hahitaji mtu wa kumtungia adui wa ghorofa ya tano. Tembo huja usiku mahindi yanapokomaa, na asubuhi shamba ni uwanja. Katika mchezo mbaya tembo angekuja tu, kwa dadu, na msimu wako umekwisha. Katika mchezo uliofungwa kamba, kila ramani inayozaa njia ya tembo ingelazimika pia kuzaa kitu cha kumzuia mahali pa kufikika: pilipili ya kusaga na kupaka kwenye kamba ya uzio pamoja na oili chafu, au mizinga ya nyuki ya kutundika kuzunguka shamba, maana tembo huwaogopa nyuki, na uzio wa mizinga umejaribiwa na wakulima walio pembeni ya Udzungwa. Mchezaji asiambiwe. Aikute pilipili imestawi karibu na njia, ajiulize kwa nini ramani imeiweka hapo. Mgeni ataiuza sokoni apate fedha ya mbegu. Aliyekomaa ataikausha.

Na kabla ya kuutoa hadharani, mtunzi huyo angepaswa kukaa na kompyuta yake na kuuzalisha ulimwengu huo mara elfu kadhaa, akitafuta ramani moja tu ambayo kijiji kimekatwa na mto pande zote, au tembo amezaliwa ndani ya nyumba. Derek Yu, aliyetoa Spelunky mwaka 2008, alilitatua hilo kwa namna inayopendeza: kila ghorofa yake ni vyumba 16, nne kwa nne, na kabla ya kuchora kitu kingine chochote programu hutembeza njia moja kutoka juu hadi mlango wa chini na kuiapia kwamba itapitika. Vinavyobaki ndivyo huachiwa bahati. Njia kwanza, mapambo baadaye.

Sehemu moja ya Shattered Pixel Dungeon inaonyesha haya yote kwa ushahidi usiobishika. Kila pango huzaliwa kutoka kwenye mbegu, ambayo ni herufi tisa. Herufi 26 kwa nafasi tisa zinatoa mapango 5,429,503,678,976, na mchezo unaruhusu kuziandika herufi hizo mwenyewe. Ukizitumia zile zile, ramani ni ile ile, vitu vilivyolala sakafuni ni vile vile, rangi za dawa ni zile zile. Mtu wa Mabwerebwere anaweza kumtajia herufi tisa binamu yake aliyeko Kilosa mjini kwa simu ya kawaida, bila bando, na wote wawili wakashuka pango moja usiku mmoja. Mmoja akafia ghorofa ya saba, mwingine akafika ya kumi na tisa. Bahati ya pango imeondolewa mezani, karibu kama kwenye bao. Kinachobaki kuzungumzwa wakikutana ni ile chupa ya rangi ya dhahabu iliyolala ghorofa ya tatu, ghorofa yenye mlango wa mbao, na ni kitu gani hasa kilichomfanya yule wa ghorofa ya saba ainywe.